Tangazo la Mzee Msa

Ukifika kona ya Mahabibo, mjini Mahajanga, benchi utaliona: mguu mmoja umeegemezwa tofali, na juu yake wamekaa watu watatu waliojipa kazi ya kuuendesha ulimwengu. Huzungumza Kingazija kilichomwagiwa Kimalagasi. Hapa tunawaleta kwa Kiswahili, ili na sisi tuwacheke. Zoubeiri huitwa Antena, kwa kuwa alipata simu ya kupangusa kabla ya wenzake, na hadi leo hajui kuizima. Fazul ni Wakili: aliwahi kwenda mahakamani, akashindwa. Mikidache ni Kapteni: huvuka ghuba kwa kivuko kwenda Katsepy akitapika njia nzima. Asubuhi ile walikuwa wanne. Mzee Msa, ambaye siku hizi husahau hata mlango wake, alikunywa kahawa nao, akainuka, na hadi adhuhuri hakuwa amefika kwake. Antena akakimbilia kipaza sauti cha msikiti. Lakini mtaa ule, kipaza sauti kikilia nje ya adhana, basi kuna maiti; na Antena naye hakujua kuanza tangazo ila kwa "Innaa lillahi". Kabla hajamaliza, watu walishatandika mikeka ya matanga.

— Sasa nani atahangaika kumtafuta maiti? akauliza Wakili. Umemuua kwa umeme wa msikiti!

— Nilisema amepotea!

— Ulisema baada ya jirani yake Hadidja kuanza kulia. Nani alikusikia?

Antena akanywea. Alimpenda yule mzee, na moyo ulimuuma kweli.

— Basi tumtie Fesibuku. Picha ninayo.

Wakainamia simu. Pichani Antena mwenyewe alikuwa anacheka, amejaa kioo kizima. Pembeni, kiwiko cha Mzee Msa.

— Kiwiko hicho watu watakitambua, akasema Kapteni. Damu nzito kuliko maji.

— Achana na viwiko, akasema Wakili. Kuna satelaiti. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na yenyewe iko juu, inainama vizuri. Tumpigie binamu yangu Marseille. Ni mlinzi wa duka, ana skrini ukuta mzima.

— Zinaonyesha Mahajanga?

— Zinaonyesha maziwa na jibini. Lakini kila mwanzo ni mgumu.

— Mimi nasema simu zote za mji zipigwe kwa pamoja, akasema Kapteni. Mzee atashtuka, aitikie.

— Mzee hana simu!

— Ndiyo maana tupige zote. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hapo Djaanfar, mvuta pusipusi, akasimamisha kigari chake.

— Poleni na msiba. Ajabu ya Mungu, nimemwona mtu kama yeye sasa hivi kivukoni, kwenye foleni ya Katsepy.

Antena akaruka.

— Ukamfanyaje?

— Marehemu nimfanyeje? Niliinamisha macho, nikamsomea Fatiha, nikapita.

Nyuma yake alikuwa amesimama Chamsia, binti wa Mzee Msa, anayefanya kazi hotelini Ambatoloaka, kule Nosy Be. Ndiyo kwanza ameshuka basi, amekuja likizo, mkoba bado begani, na maneno ya Djaanfar ameyasikia. Hakupiga kelele. Aliomba namba ya mkata tiketi wa kivukoni, Djaanfar akampa, akapiga palepale na kueleza maneno mawili matatu. Kisha akafunika simu kwa kiganja.

— Chombo kinaondoka. Wana kipaza sauti, wana watu mlangoni, watamzuia. Nimewaambia baba akiitwa jina huenda asiitike. Wanauliza: leo amevaa nini?

Antena akafungua mdomo. Kanzu? Au lile shati la mistari? Kofia alikuwa nayo, au ile ilikuwa jana? Alikumbuka vizuri jinsi mzee alivyotia sukari kikombe kilekile mara mbili, na jinsi walivyomcheka. Akamtazama Wakili. Wakili akamtazama Kapteni. Kapteni akatazama kahawa.

— Mmekaa naye, baba zangu, akasema Chamsia. Hata rangi tu.

Simuni yule bwana alikuwa anaita, "Alo? Alo?", na nyuma yake injini ya chombo ikawaka.