Ufunguo wa Mama Trela

Ijumaa, tarehe 30 Mei. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu. Kutoka dirishani hatukuliona hata bango letu wenyewe. Leo Mama Trela amestaafu, baada ya kuitumikia sinema yetu miaka thelathini na minne.

Aliajiriwa kuandika majina ya filamu kwa brashi kwenye mabango ya nje. Baadaye akahamia dirisha la tiketi, akakutana na fundi wa projekta, wakaoana. Kila mmoja alidai hadi mwisho kwamba mwenzake ndiye aliyeanza. Tovuti ilipofunguliwa, sisi wengine tulitazamana. Yeye akavuta kiti.

Kwa wasioijua kazi yake: kila filamu ina namba. Tovuti yetu huituma namba hiyo kwa API, yaani mlango ambao kompyuta moja hupitia kuiomba nyingine kitu, hadi kwenye hazina ya video iliyo mbali. Mlango huo hufunguliwa kwa ufunguo wa siri, uliosajiliwa kwa jina lake. Hazina hujibu kwa trela, yaani kionjo kifupi cha filamu, nayo hucheza kwenye ukurasa wetu. Mama hakuiamini mashine. Aliitazama kila trela mpaka mwisho, akiwa amesimama. "Mgeni haingii sebuleni kabla hujamwona uso," alituambia.

Alikosea mara moja tu. Miaka sita iliyopita alisahau tarakimu ya mwisho ya namba. Badala ya ukurasa mtupu, ilikuja video isiyo na sauti: ngazi ya chuma ya chumba chetu cha projekta, na mgongo wa mwanamume aliyevaa koti la kijivu, akiwa kwenye kidato cha pili. Mfuko wa koti ulishonwa kwa uzi wa buluu. Mama aliujua uzi huo, maana aliushona yeye. Mumewe alikuwa amefariki miaka mitatu kabla.

Tuliwaandikia wenye hazina. Walijibu kwa adabu kwamba namba hiyo haina filamu. Kumbukumbu za seva yetu zilionyesha jibu tupu. Lakini mimi mwenyewe nimeitazama mara nne, na tarehe ninazo. Kila mara mzee alikuwa amepanda kidogo. Ngazi ile ina vidato kumi na saba. Januari mwaka huu alikuwa kwenye cha kumi na sita, na chini yake palikuwa na maandishi meupe: "Inakuja 30 Mei."

Meneja alijaribu mzaha: "Basi mzee anakuja kukuaga, Mama." Hakuna aliyecheka, naye mwenyewe akaondoka kwenda kuangalia taa za ukumbini.

Utaratibu wetu unataka ufunguo wa anayestaafu ufungwe siku yake ya mwisho, usiweze tena kufungua mlango ule. Mama akaomba wake uachwe wazi. Binti yake alikuja ofisini wiki iliyopita, hakukubali hata kuketi. "Mama, kifute hicho kitu. Baba hana trela. Anakuita, nawe unamtengea kiti." Mama alijibu polepole: "Nikiufunga, mwanangu, nitakuwa nimemzika mara mbili."

Leo saa nne asubuhi aliniita nisimame karibu naye. Akaandika ile namba yenye kasoro. Mzee alikuwa kwenye kidato cha kumi na saba, mkono kwenye kitasa, na kwa mara ya kwanza alianza kugeuza uso. Chumba kilikuwa baridi, ingawa feni zilikuwa zimezimwa. Mama aliisimamisha video kabla shavu halijaonekana. "Subiri huko huko, baba watoto," akasema. "Mimi bado nina wajukuu wa kuwapeleka shule." Akaufunga ufunguo kwa mkono wake. Ukurasa ukaandika: "Trela haipatikani." Nilimpa leso, akasema ni vumbi.

Mama, ahsante kwa mabango, kwa tiketi, na kwa kututazamia yale tusiyothubutu kuyatazama. Nenda ukapumzike kwa amani na afya, wajukuu wakusumbue hadi uchoke vizuri.

Nilimwomba binti anijulishe hali yake. Ameandika sasa hivi: mama amekula, amemgombeza kila mtu, na tangu saa tatu na dakika kumi usiku amelala, anakoroma.