Mbegu za Maboga za Fundi Betri

Kwenye benchi la kona, mkabala na kibanda cha betri, kahawa ya jioni haijawahi kunywewa kimya kimya. Siku hiyo Fundi Betri alikuja na mfuko wa mbegu za maboga, akakaa, akaanza kubangua moja moja kwa kucha na kutia mdomoni. Miaka yote anapasua betri mbovu na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Sasa daktari kamwambia vumbi na moshi wake vimemwingia kwenye damu, huenda ndiyo maana hajapata mtoto. Roho ilimuuma, lakini kukata tamaa? Thubutu!

— Nimeambiwa mbegu za maboga, karanga na mboga za majani zinasaidia, akasema. Nakula mpaka kieleweke.

— Karanga? Kinyozi akadakia. Wewe unataka kitunguu saumu, kichwa kizima, kabla hujasema na mtu.

— Akishakila, nani atasema naye? Dalali akacheka. Sikiliza, kaka. Risasi nzito, imezama chini. Kunywa mafuta, ielee, uiteme.

— Uongo mtupu! Kinyozi akapinga. Ale pilipili, akimbie juani, iyeyuke itoke na jasho!

— Acheni utani bwana! Fundi akawakatiza. Mwenzenu nalala nimegeukia ukutani, naona haya kumtazama mke wangu. Nikiambiwa nile magogo, nayala.

Kinyozi akamsogezea kikombe.

— Basi kula, ndugu yangu. Kula.

Hapo ndipo mkewe Fundi alipotokea na kifurushi cha karanga mkononi. Hakuwahi kukanyaga kijiwe kile.

— Hamjambo, shemeji zangu?

— Hatujambo, shemeji! Wote wakakaa sawa.

Akamtazama mumewe akibangua, vidole vyeusi tititi kwa vumbi la risasi.

— Baba, umenawa mikono?

Kinyozi akainamia kahawa yake. Fundi akaviangalia vidole vyake, akatema. Hasira zikampanda, za kujikasirikia mwenyewe. Dawa yote ile alikuwa akiipaka sumu kwa mikono yake.

— Hata sabuni sina kule kibandani, akasema polepole.

— Tutanunua. Na mbegu nyingine tutanunua.

Mkewe akanyoosha mkono amwinue. Fundi akaurudisha wake nyuma haraka.

— Usinishike, mke wangu. Mpaka ninawe.

Akainuka mwenyewe, akatangulia dukani.