Kibodi Ndani ya Khanga

Ndani ya treni iliyotoka Isaka, mwaka 1988, Zipora alipakata kibodi ya kompyuta ya ofisini, ameifunga kwa khanga. "Mama, mbona mwanao halii?" akauliza Muhidini, karani aliyeketi mbele yake.

Zipora akafunua khanga. "Vibonye vya tarakimu, hivi vya kulia, vimekufa. Fundi wa Shinyanga akisema nimeviua mimi, narudishwa kwenye ufagio. Na masomo ya jioni nimesoma miaka mitatu."

"Ukibonyeza nane, kimstari kwenye kioo kinapanda?"

"Kinapanda."

"Basi ni vizima. Bonyeza hiki cha juu yake, ndicho kinachofungua tarakimu, mara moja tu."

"Nimesali siku mbili, nawe waniambia kidole kimoja?"

"Kwani kidole nacho kaumba nani?"

Treni ikasimama Shinyanga. Waya wa kibodi ulining'inia bure, haujachomekwa kwenye kompyuta yoyote. Zipora akafumba macho, akakibonyeza.