Tai Naye Ana la Kusema

Mheshimiwa Naibu Meya wa mji wetu. Ndugu Mkaguzi wa Elimu, uliyetoka Alexandroupoli na joto hili la Juni. Baba Padre Stergios. Walimu wenzangu, wazazi, wanafunzi mliopata viti na mnaoegemea kuta. Na wewe, Bi Evanthia Karatzoglou, uliyewekewa kiti cha mbele chenye mto, kiti ambacho mimi, mkuu wa shule hii, sijawahi kuwekewa hata siku moja: nawasalimu nyote kwa heshima.

Kamati ya maandalizi iliniomba niseme maneno ya kumuaga Bi Evanthia. Niliwapendekezea mwalimu wa historia, ambaye ana sauti nzuri na hana kinyongo na mtu. Wakakataa. Wakaniambia, Bi Zinovia, wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote. Nikafikiri, nikaona wana haki. Kwani nani humjua mtu zaidi: anayempenda, au anayemwonea wivu? Anayempenda humtazama akitaka, na akichoka hufumba macho. Mwenye wivu hafumbi.

Naam, nimesema wivu, na Ndugu Mkaguzi asishtuke, kwa sababu yeye peke yake ndiye mgeni wa habari hii. Waliobaki humu ndani wanaijua. Kwenye duka la mikate wameizungumza miaka nenda miaka rudi, na wakiniona naingia huanza kuzungumza juu ya mvua.

Bi Evanthia alikuja kwetu kutoka Kavala majira ya vuli, akiwa na makasha ya vitabu na darubini shingoni. Alikuja kufundisha Kigiriki cha kale, somo ambalo watoto wetu walikuwa wakiliingia kama mtu anavyoingia kwa daktari wa meno. Wakati huo mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu, na sioni haya kusema kwamba darasa langu ndilo lililokuwa darasa. Wazazi walikuwa wakiniletea asali. Kisha yeye akafanya nini? Hakufungua kitabu. Aliwapandisha watoto kwenye basi, akawapeleka juu ya msitu wa Dadia, kwenye kibanda cha kutazamia ndege, akawaambia kila ndege atakayepita wamwite kwa jina walilomwita wahenga.

Basi kipanga akawa hieraks, mwewe akawa iktinos, tumbusi akawa gips. Aliwaambia kwamba katika jina hieraks wahenga walisikia neno la kitu kitakatifu, na kwamba yule anayezunguka na kuzunguka angani bila kutikisa bawa walimwita kirkos, kwa sababu ameibeba duara ndani ya jina lake. Watoto walirudi mjini wakipiga makelele hayo kutoka roshani hadi roshani. Mtoto wa mwenye duka la mikate alimwita bibi yake gips, na yule bibi, ambaye hakusoma Kigiriki cha kale lakini anajua anapotukanwa, alimfukuza na ndara mpaka stesheni.

Mimi nilikuwa nimewafundisha watoto hao hao duara kwa bikari na rula. Niliwapa kipenyo, niliwapa kanuni, niliwapa mtihani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka darasani kwangu akainua macho mbinguni kuitafuta duara yangu. Je, ninyi walimu mlioketi hapa, lingewapata ninyi mngefurahi? Mngemletea keki?

Hilo lakini ningelimeza. Heshima ya darasa ni kitu cha kumeza; huenda na kurudi. Lililonikaa kooni ni jingine.

Wengi mnamjua binti yangu Melpomeni, Melpo, maana yuko hapa. Namwona pia amechagua kukaa upande gani. Baba yake alifariki mtoto angali mdogo, nikamlea peke yangu kwa mshahara wa mwalimu na kwa ratiba. Alikula kwa wakati, alilala kwa wakati, nguo zake zilipigwa pasi mpaka soksi. Alikuwa mtoto mkimya. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa, na nyumba yetu ilikuwa tulivu kama maktaba, nami niliupenda utulivu ule. Halafu akaingia darasa la Bi Evanthia, mtoto akapata ulimi. Mezani kwangu, akila chakula changu, alizungumza bila kupumua, na kila sentensi ilianza na maneno mawili: Mwalimu amesema. Mwalimu amesema hivi, Mwalimu amesema vile. Nami pia ni mwalimu! Nilikuwa mwalimu kabla yake, katika shule ile ile, mlango wa pili.

Jioni moja, tukila supu ya maharage, akaniletea habari ya fene. Fene ni ndege mkubwa wa jamii ya tumbusi, na mabingwa mpaka leo hawajapatana neno lile la kale lilikuwa la ndege yupi hasa. Melpo aliweka kijiko chini.

"Mama, wahenga waliandika kwamba tai akichoka kulisha, humtupa kifaranga mmoja nje ya kiota. Fene akimwona humwokota, akamlea pamoja na wake."

"Nani alimuuliza tai?" nikamwambia.

"Mama, tai ni ndege."

"Na fene naye ni ndege, lakini habari zake mmeziamini."

Akanitazama kama mtu aliyekosea mlango, akamaliza supu yake. Kesho yake, bila shaka, alimsimulia Mwalimu, na bila shaka Mwalimu alicheka. Bi Evanthia, usitikise kichwa. Ulicheka, nilikusikia kupitia ukutani.

Ndugu wageni, mtoto akikua hufika mahali pa kuchagua. Mwaka wake wa mwisho wa shule, mimi nilitaka asomee ufamasia. Baba yangu alikuwa na duka la dawa barabara ya stesheni, duka lenye jina na wateja, likisubiri mtu wa damu yetu. Melpo alitaka Kigiriki cha kale. Tulibishana wiki nzima, na mwishowe nikamwambia kama ni hivyo, aende akayale hayo maneno yake yaliyokufa. Kuna watu mjini wanaosema nilimfukuza. Sikumfukuza. Nilisema neno, yeye akavaa koti. Akaenda mitaa mitatu kutoka kwetu, na hakuna aliyehitaji kuniambia ni mlango gani.

Jioni ya pili nikamfuata. Bi Evanthia alifungua akiwa na kitambaa cha jikoni begani, na nyuma yake, kutoka ndani, nikasikia mtu anacheka. Kicheko kipana, cha tumboni. Ilinichukua muda kujua kwamba ni mwanangu, kwa kuwa kicheko kile sikuwahi kukisikia nyumbani kwangu.

"Umenichukulia mtoto," nikamwambia.

Hakupandisha sauti. "Sikumchukua, Bi Zinovia. Alibisha hodi nikamfungulia. Na wewe umebisha, nimekufungulia. Ingia, supu bado ya moto."

Nawauliza ninyi kina mama mliomo humu: mngeingia? Mngeketi kwenye meza ya mwanamke mwingine, mkakaribishwa na mtoto wenu wa kumzaa kana kwamba mmekuja kuomba chumvi? Mimi niligeuka nikaenda zangu. Na lililoniuma njiani si ule ukaidi wa mtoto. Ni kwamba supu ilikuwa inanukia vizuri.

Lakini mtoto ni mtoto. Kesho yake nikaoka pai ya vitunguu vya majani na jibini, nikaiacha kwenye kizingiti cha Bi Evanthia, nikaondoka kabla mlango haujafunguliwa. Siku iliyofuata sahani ilikuwa kwenye kizingiti changu, imeoshwa, ina makomamanga. Kwetu sahani hairudi tupu, mnajua. Nikapeleka nyingine. Ikarudi na zabibu. Hivyo ndivyo tulivyozungumza, wanawake wazima wawili tunaolipwa na serikali kufundisha watu kusema, mpaka asubuhi moja sahani ile ikarudishwa na Melpo mwenyewe. Aliiweka mezani, akasema ataomba chuo cha Ioannina na kwamba ni Kigiriki cha kale. Nikamwambia akae ale. Duka la dawa sasa linauza simu.

Akaenda, akasoma, akapanda kutoka shahada hadi shahada, na tasnifu yake ya mwisho ikawa juu ya nini? Juu ya maneno ya kale ya ndege wawindao: hieraks na kirkos, iktinos na fene, wote wale waliokuwa wakipita juu ya kile kibanda. Siku ya kuitetea nilifika mapema mpaka mlinzi akanionea huruma. Kwenye ukumbi wa nje walikuwa wameweka nakala mezani. Nikafungua ukurasa wa mwanzo, wa shukrani, na pale katikati, peke yake, pameandikwa: Kwa Evanthia, fene wangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Ukinipa upande mmoja wa mlinganyo nitakutafutia wa pili. Ikiwa Evanthia ni fene, tai ni nani?

Nilikaa safu ya nyuma. Yeye alikaa ya mbele, kama leo. Maprofesa wakauliza hili na lile, nami sikusikia lolote, mpaka mmoja mwenye ndevu akakifikia kisa chenyewe cha tai anayetupa mtoto, akamtaka Melpo aseme anakichukuliaje. Hapo nikasikia.

"Nimeyasoma yote waliyoyaandika wahenga juu yake," Melpo akasema, "kisha nikaenda kukaa misimu miwili na watafiti wanaotazama viota. Tai hamtupi mtoto wake. Vifaranga ndio wanaogombana, na mdogo husukumwa au hukosa chakula. Watu walimwona kifaranga chini ya mwamba, wakamsingizia mama."

Yule profesa akauliza, na fene je, ni kweli humwokota?

"Hilo sijalipatia ushahidi," akajibu. "Nimeliacha kwa sababu nalipenda."

Mmesikia, ndugu zangu? Tai alipata ushahidi, fene akapata mapenzi. Nilikuja nyumbani na ushahidi wangu kwenye basi, nikaupakata njia nzima, na nawaapia ulikuwa mzuri, lakini ningebadilishana na fene.

Sasa nifike kwenye la juzi, na nitaomba Baba Padre Stergios anisahihishe nikikosea. Melpo amejaliwa mtoto wa kike. Desturi yetu haihitaji kuelezwa: mtoto hana jina mpaka abatizwe, na jina la mtoto wa kike ni la bibi. Upande wa mume wameshapata majina yao kwa wajukuu wengine, wakatuachia sisi hili kwa moyo mweupe. Upande wetu bibi ni mmoja, na ndiye huyu anayewahutubia. Lakini mama wa ubatizo aliyechaguliwa, mtashangaa, ni Bi Evanthia. Na jina hutajwa na mama wa ubatizo.

Wiki nzima hakuna aliyeniambia jina. Kwenye duka la mikate, nilipoingia, walizungumza juu ya mvua, na jua lilikuwa likichoma. Nikajua. Hata hivyo nilimpigia Melpo simu nikamwuliza waziwazi, akaniambia, "Mama, utasikia kanisani kama watu wote." Kwa hiyo Jumapili iliyopita nikavaa nguo yangu ya bluu, nikasimama mbele ya kioo, nikauzoesha uso wangu kusikia jina la Evanthia na kutabasamu. Nilirudia mara nyingi. Nilifikia mahali ambapo mtu asiyenijua angeamini.

Padre akauliza jina. Bi Evanthia, ambaye hata akiomba kalamu chumba cha walimu husikika mpaka uwanjani, alinong'ona. Padre akamwomba arudie, maana hata yeye hakusikia. Ndipo akainua kichwa, akanitafuta kati ya watu mpaka akaniona, akasema:

"Zinovia."

Kanisa zima likageuka kunitazama. Uso niliouzoesha haukunifaa kitu. Nilikuwa nimeuandalia neno jingine. Baadaye nilimwuliza Melpo lilikuwa wazo la nani, akasema waliafikiana siku nyingi, wote wawili, wala hakutaka kuongeza. Wote wawili! Hata katika kunipa mimi furaha walikaa wakapanga bila mimi.

Kwa hiyo, Bi Evanthia, shule hii inakushukuru kwa watoto uliowainua macho, na mji unakushukuru, na Mheshimiwa Naibu Meya atasema hayo vizuri kuliko mimi. Lakini mimi nina hesabu yangu na wewe ambayo haitafungwa kwa hotuba. Kicheko cha mwanangu nilikisikia mara ya kwanza mlangoni kwako. Utetezi wangu niliusikia katika kitabu kilichoandikwa jina lako. Na jina langu mwenyewe, nililozaliwa nalo, nililolibeba miaka yote hii, sikujua kwamba ni zuri mpaka lilipotoka kinywani mwako. Ni nani asingeona wivu?

Walimu wenzako wamekununulia darubini mpya, kubwa, ya kusimama kwa miguu mitatu, ili uwaone hieraks wako ukiwa nyumbani bila kupanda basi. Nami nimechangia, tena zaidi ya mwalimu wa historia.

Ndugu zangu wote, kwa subira yenu na kwa kunisikiliza, ahsanteni sana. Sasa, Bi Evanthia, inuka uje upokee zawadi yako. Huyo mjukuu wangu uliyempakata, nipe mimi.