Pipi Zilizoegesha Lori Langu

Wapendwa, mchungaji ameniomba ushuhuda wangu uwe mfupi. Mnanijua, atanisamehe. Shule niliishia darasa la nne, kwenye kambi ya wakimbizi. Lakini hapa Texas, Haltom City, kati yetu, nani alitangulia kununua lori lake mwenyewe? Semeni kwa sauti! Asanteni. Barabara ya Houston naijua kama njia ya kutoka kitandani kwenda jikoni.

Basi mgongo ukaanza. Nikaiuliza simu: dawa ya mgongo kwa dereva. Niliuliza mara moja tu, ndugu zangu! Tangu hapo simu ikanifuata kama shemeji anayedai mahari. Nikifungua mahubiri, yanatokea matangazo ya pipi laini za rangi, eti dawa ya mgongo. Nikifungua habari za nyumbani, bibi mzungu anapalilia maua, anacheka, mgongo umenyooka. Hakuna aliyetaja bangi. Wangeitaja ningekimbia, sisi tulilelewa kujua bangi ni ya wahuni. Wao walisema mmea. Walisema ya asili. Walisema halali Texas.

Kusoma Kiingereza kunanishinda, lakini mimi si mjinga. Nikaiambia simu inisomee ukurasa ule kwa Kiswahili. Ikasoma kwa sauti ya dada mpole. Nikaagiza, nikala, mgongo ukatulia. Nikawatangazia humu humu kanisani, mnakumbuka.

Halafu kampuni ninayoibebea mizigo ikaniita kwenye kipimo cha mkojo, cha kushtukiza. Nilienda napiga mluzi. Majibu yakaja: bangi.

"Bangi? Mimi? Mzee wa kanisa?"

Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba, umevuta?"

"Nivute nini, mama, mimi hata sigara siijui!"

Nikaenda na paketi ya pipi kwa dada yetu Mkenya, muuguzi, yule mnayemwona safu ya pale. Akageuza paketi.

"Mzee wangu, nani alikusomea hii kitu?"

"Simu."

"Na huku nyuma?"

"Nyuma kuna nini?"

"Imeandikwa usiendeshe gari. Imeandikwa unaweza kufeli kipimo. Hii ni bangi, mzee, imevalishwa suti ya harusi."

Kumbe kule kwenye tangazo, onyo lilikuwa ndani ya picha. Simu ilisoma ukurasa, picha haikuisoma.

Sheria ya malori haitaki kujua ulinunua dukani au porini. Lori likaegeshwa. Nikarudi kwenye ghala la Mesquite, nilikoanzia kazi kabla ya lori, kubeba maboksi, na watu niliowafundisha kazi wakaniita mgeni. Nikaenda kwa mshauri wa mambo ya dawa za kulevya, kama sheria inavyotaka. Na mgongo ukarudi, mkali kuliko mwanzo.

Wiki ya kipimo cha kunirudisha barabarani, wale wale wa pipi wakaniandikia kwenye simu: "Tumekukosa, rafiki." Kwa jina langu! Ndugu yangu wa kule nyumbani Uvira hajawahi kuniandikia kwamba amenikosa. "Paketi ya zawadi, bonyeza hapa." Kidole kilikuwa tayari juu ya kioo. Ningebonyeza, ningelipoteza lori. Ndugu zangu, nawaambia, mimi niliyejijenga kwa mikono hii sikuweza kukitoa kidole kile peke yangu. Nikamwita binti yangu.

"Nisaidie."

Akashtuka. "Dad, are you okay?"

"Hapana."

Akakaa ubavuni kwangu, akayazuia matangazo yale, akafuta jina langu kwao. Hakunicheka. Nililia, ndiyo, andikeni.

Kipimo nilipita. Juzi nimeenda Houston na kurudi, na lori liko pale nje, limeoshwa, tafadhali msilikwaruze. Mgongo bado unauma kidogo. Nafanya mazoezi aliyonipa muuguzi, nimelala sebuleni kama mjusi, nyumba nzima inacheka.

Asante mama wa nyumba yangu, uliyeamini nilichosema. Asante binti. Asanteni mlioleta chakula, fufu na mboga, bila kuuliza maswali. Na wewe dada muuguzi, Mungu akuzidishie. Ndugu zangu, muuguzi amekubali kukaa pale kwenye meza ya chai baada ya ibada. Kabla hujanunua kitu simu inachokusifia, mpelekee, akusomee na nyuma.

Ila foleni inaanzia kwangu. Tangu jana simu inanionyesha mafuta ya magoti.