Mwalimu Deogratias Banzi na Mwamba Ambao Hakuuomba

Marehemu Mwalimu Deogratias Banzi alizaliwa tarehe 14 Septemba 1957 hapa Mgeta, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Stephano Banzi na Mama Monika. Bibi yake alisimulia kwamba alilia kwa nguvu hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Shule ya msingi alisoma hapahapa Mgeta, kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akaenda sekondari mjini Morogoro. Mwaka 1980 alihitimu ualimu wa fizikia, akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2017. Wanafunzi wake mliofika leo mnamkumbuka: ukisema "nadhani" mbele yake, umekwisha. "Unadhani? Umepima?"

Mwaka 1984 alifunga ndoa na Theresia, wakajaliwa Leontina na Stefano. Alikuwa mume mpole, ila kichwa chake kilikuwa kigumu, na hilo mjane wake ameruhusu lisomwe.

Kilichomteka moyo ni matetemeko madogo ya ardhi, yale ambayo mtu aliyekaa kitini hayasikii kabisa. Mwaka 2009 alijiundia mashine ya kuyanasa: chuma kilichoning'inizwa kwa bawaba kama lango, jiwe zito mwishoni, sumaku ya spika mbovu, na waya uliopeleka mchoro kwenye kompyuta kuukuu. Aliisimika juu ya mwamba katika shamba la baba yake, mbali na barabara ya malori ya mboga. Siku mstari uliporuka kwa mara ya kwanza, alimkumbatia Theresia mbele ya wakwe. Lo, aibu iliyoje! Kumbe ni mbuzi alikuwa anajikuna ukutani. Mruko wa pili ndio uliokuwa tetemeko kweli, na safari hiyo wakwe walicheka naye.

Mzee Stephano alifariki mwaka huohuo wa 2017. Kwa desturi yetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, hivyo shamba lilirudi kwa wapwa wa Mzee, mkubwa wao akiwa Stambuli, mtoto wa shangazi yake Mwalimu. Stambuli hakumfukuza. Alitaka tu binamu yake aje na kuku mmoja, akae mkekani, aombe kuendelea.

"Niombe mwamba?" Mwalimu alihamaki. "Mwamba unalimwa?"

"Kaka, mwamba si kitu," Stambuli alimjibu. "Unatuomba sisi."

Mwalimu akanuna. Akaing'oa mashine, akaipakia lorini juu ya magunia ya viazi, akaipeleka nyumbani kwake Msamvu, karibu na stendi ya mabasi mjini Morogoro. Watani wake wamemsema sana tangu jana, na wana haki.

Msamvu mashine iliandika mabasi. Iliandika malori, bajaji, na jirani akitwanga kisamvu. Theresia alikuwa akimwambia, "Baba Leontina, peleka kuku, yaishe." Yeye jibu lake ni "mwakani", na hiyo mwakani haikufika.

Mwezi Machi 2022, mchana kweupe, ardhi ilitikisika Mgeta. Vikombe vililia kabatini, watoto wakatoka darasani mbio. Stambuli alimpigia simu papo hapo: "Kaka, limepita hapa chini ya mwamba wako!" Mwalimu alikimbilia kompyuta, akakuta mchoro wote umechafuliwa na mabasi. Aliweka uso mikononi akalia. Na hata baada ya hapo, jamani, hakwenda. Aliona haya, akasema Stambuli atadhani amefuata tetemeko, si undugu. Sisi ndugu zake jambo hili linatuuma mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua mwishoni mwa 2023. Mwanzoni mwa Juni mwaka huu alilazwa hospitalini mjini. Jumapili jioni alimshika mkewe mkono akasema, "Mama Leontina, chukua kuku, nenda kaniombee."

Jumatatu asubuhi Theresia alipanda Mgeta. Stambuli alimpokea kuku kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. "Shemeji, mwambie nafasi ipo. Ilikuwepo siku zote." Njiani kurudi Theresia alijaribu kupiga simu, mtandao ukagoma. Alipofika wodini alasiri, kitanda kilikuwa kimekwisha tandikwa upya. Mwalimu alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa saba mchana, bila kupata jibu lake.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, dada yake Agripina, wapwa wengi, na binamu yake Stambuli, ambaye tangu jana amesimama nyuma ya watu na kila akipewa kiti anakataa.

Ndugu waombolezaji, kabla udongo haujarudishwa, tunaomba mmpishe Stambuli asogee kaburini. Kuna jibu ambalo Theresia hakuwahi kulifikisha, na Stambuli amesema atamwambia mwenyewe.

Mungu ampokee Mwalimu wetu, amtulize.