Marehemu Inspekta Kasiani Tarimo, Aliyetembea Mbele ya Maandamano ya Kibirizi

Baba Paroko, maafisa na askari mliofika, majirani zetu wa Mwanga hapa Kigoma, nanyi akina mama wa Kibirizi mliosimama kule nje ya uzio, tumewaona, karibuni ndani kama miguu itakubali. Familia imenituma mimi Meshack, kaka wa mjane, nisimulie maisha ya shemeji yangu, kwa kuwa ndugu zake waliotoka Moshi wamelia hadi sauti zimewakauka.

Marehemu Kasiani Alphonce Tarimo alizaliwa tarehe 3 Mei 1976 huko Kibosho, Moshi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Alphonce na Bibi Angelina, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, na kumaliza kidato cha nne mwaka 1994, akiwa mwanafunzi wa kawaida tu, mpole, asiyependa ugomvi, jambo lililowafanya wengi wacheke waliposikia mwaka 1997 kwamba amejiunga na polisi.

Alihamishiwa Kigoma mwezi Juni 2004, akapanda cheo hatua kwa hatua hadi kuwa Mkaguzi, na mji huu ulimpenda mapema, maana alikuwa akimsalimia kila mtu kwa Kiha, "Mwakeye", hata jua linapozama, akiambiwa hiyo ni salamu ya asubuhi anacheka na kesho yake anarudia vilevile.

Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na dada yangu Yuliana katika kanisa la kwetu Kalinzi, wakajaliwa watoto wawili, Noel mwaka 2009 na Sia mwaka 2013. Kwao wanalima kahawa na kwetu tunalima kahawa, basi kila alipokuja ukweni hakukosa kutuambia kwamba mibuni yetu haijui kupogolewa, hata siku moja baba akachoka, akampa panga na kumwonyesha shamba zima, akapogoa mpaka magharibi, na mavuno ya mwaka uliofuata yalitufunga midomo.

Kazi aliyojulikana nayo zaidi ni kusimamia mikutano na maandamano ya vyama, kazi ambayo wenzake wengi waliikwepa, naye aliifanya kwa namna yake, kwamba chama kikishatoa taarifa, yeye huwafuata waandaaji walipo, anakunywa nao chai, anatembea nao njia nzima kwa miguu, wanakubaliana wapi watasimama na nani atawatuliza vijana. Aliwaambia askari wake kwamba hawa watu katiba imewapa haki ya kukusanyika kwa amani, kazi yetu ni kuzuia malori yasiwagonge. Siku yenyewe alitangulia mbele bila kofia ngumu wala rungu, na upande mmoja wa njia aliuacha wazi daima, ili mwenye kuingiwa na hofu apate pa kutokea, na kwa miaka mingi hakuna aliyeumia hata ukucha.

Ndugu waombolezaji, hapa ndipo pagumu, lakini Yuliana amesema pasomwe.

Jumamosi ya tarehe 30 Septemba 2023, wakazi wa Kibirizi na chama chao waliandamana kudai uchaguzi mdogo wa kata urudiwe, wakaichagua siku hiyo kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu, wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani kukiwa na mbalamwezi, wote wapo nchi kavu. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Mwanvua, aliyekuwa akimuuzia dagaa miaka yote, alimuuliza kama amruhusu binti yake Kurwa aende, naye akamjibu, "Mwache aje, mama, mimi nitakuwa mbele." Asubuhi wakaondoka mwaloni, pale ufukweni maboti ya uvuvi yanapotia nanga, wakiimba, Kurwa akiwa mstari wa kwanza nyuma ya afande, na kwa kawaida yake Kasiani aliuacha wazi upande wa ziwa.

Hawakufika mbali, kikosi kilicholetwa asubuhi hiyo kutoka nje ya mkoa, ambacho hakikuwa chini yake na ambacho hakuna aliyemwambia kinakuja, kilirusha mabomu ya machozi kutokea nyuma ya vichanja vya dagaa, Kasiani akanyanyua mikono na kupiga kelele wasitishe, hakusikilizwa. Watu wakakimbilia palipoachwa wazi, na mtu wa mwaloni akikimbia hatari haishii mchangani, anaingia botini. Sasa mbalamwezi ndiyo wakati wa matengenezo, maboti hupandishwa na kutolewa pamba inayoziba nyufa za mbao, jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa analijua, ila kwa macho yaliyojaa moshi hakuna aliyetazama, na mtu wa milimani kama shemeji yangu hakuwahi kuliwaza, watu wakalisukuma boti mojawapo majini, likajaa maji na kuzama. Walikufa watatu, Kurwa na waandamanaji wenzake wawili, Heritier na Ismaili. Kasiani aliingia majini na sare zake, yeye mwenyewe asiyejua kuogelea, akatolewa na wavuvi.

Aliandika maelezo kwamba watu walikuwa watulivu na hawakurusha hata jiwe moja, akatakiwa aongeze mawe, akakataa, akahamishiwa ghalani kutunza ngao na kofia. Uchunguzi uliahidiwa, hadi leo hatujasikia neno, wala hatutarajii kusikia. Wenzake walimwita msaliti, mtaani wakamwita chambo, na nyumbani alikaa kimya mpaka Sia akawa anamwogopa. Tulimwambia si yeye aliyerusha mabomu, akajibu kwamba ni yeye aliyewaonyesha pa kukimbilia.

Tarehe 6 Novemba 2024 alipatwa na kiharusi, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena, na akiwa kitandani aliomba jambo moja tu, asirudishwe Kibosho kama ilivyo desturi ya kwao, azikwe Kibirizi karibu na wale watatu, hata kama ni pembeni ya njia. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, saa kumi alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi hapa matangani, askari wenzake waliochanga jeneza na wale wachache waliothubutu kuja kumwona akiwa hai, Mungu awalipe.

Mtauliza kwa nini gari la Moshi linasubiri pale nje wakati wosia wake mmeusikia. Juzi nilikwenda Kibirizi na wazee wawili kuwaomba wafiwa wa wale watatu, kwa heshima zote, nafasi ya kaburi. Mama Mwanvua alitupa mkeka, akatupa maji, akatusikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu alimfuata kwa sababu alimwamini. Sasa binti yangu amelala, mwacheni asimfuate mtu tena." Tuliaga tukaondoka, na sisi kama familia tunasema mama yule ana haki.

Kasiani, shemeji, safari ni ndefu na huko uendako si ulikoomba. Pumzika kwa amani, kama ipo.